Heathrow hadi JFK: kwa nini saa za kwenda hazilingani na za kurudi?

Mleta mada:
Habari zenu wanajukwaa. Ninapanga safari ya ndege kutoka Heathrow, London, hadi JFK, New York, na nikishatua nitaunganisha ndege ya ndani ya Marekani, kwa hiyo ningependa kujua muda halisi kabla sijanunua tiketi hiyo ya pili. Umbali ni takribani kilomita 5,540, na ndege kubwa za abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa, hivyo nimepata saa 6 na dakika chache. Ratiba, hata hivyo, inaonyesha karibu saa 8 za kwenda na 7 za kurudi. Hizo za ziada zinatoka wapi?

Mchangiaji wa 1:
Ndugu, hesabu yako ingetosha kama hewa ingekuwa imetulia. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha mita 10,000 hivi, huvuma mkondo wa upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huzidi nguvu majira ya baridi. Anayekwenda New York hukabiliana nao, anayerudi London husukumwa nao. Februari 2020 Boeing 747 ya abiria ilitoka JFK hadi Heathrow kwa muda usiotimia saa 5. Kwa sababu hiyo njia za kuvuka bahari hiyo hupangwa upya kila siku kufuata upepo, na si lazima ndege ipite kwenye zile kilomita 5,540, ambazo ni njia fupi kuliko zote (ile inayoonekana kwenye ramani bapa kama imepinda kuelekea kaskazini). Zaidi ya hayo, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili, foleni ya kuruka na mizunguko ya kusubiri kutua ikiwemo.

Mchangiaji wa 2:
Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kwani tiketi huandika saa za kila mji. New York iko nyuma ya London kwa saa 5: ukiondoka saa 4:00 asubuhi ukasafiri saa 8, utatua saa 7:00 mchana wa huko. Mwezi Machi tofauti hiyo hupungua kuwa saa 4 kwa muda, kwa sababu Marekani husogeza saa mbele mapema kuliko Uingereza.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Je, saa 2 zitatosha kuunganisha?

Mchangiaji wa 3:
Kwangu mimi hazitoshi. Kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia Marekani utapita uhamiaji, utachukua mizigo na kupita forodha, hata kama safari inaendelea, kisha utaikabidhi tena na kukaguliwa upya. Safari zote mbili zikiwa zimenunuliwa pamoja kwenye tiketi moja, shirika litakutafutia ndege nyingine ukichelewa. Ukizinunua mbalimbali, hasara ni yako, na hapo mimi nisingekubali chini ya saa 4. Hakikisha pia ndege ya pili inaondokea JFK yenyewe, maana kwenye utafutaji wa tiketi LaGuardia na Newark navyo huhesabiwa kuwa viwanja vya New York.