Naomba ushauri: nitajuaje kama taasisi yetu iko tayari kubadilika?

Wakuu, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kupima kama taasisi yetu iko tayari kuachana na mafaili ya karatasi na kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta moja kwa moja, isije ikawa nguvu ya soda.

Uongozi unataka dodoso tu. Sina imani nalo sana. Mtu akiulizwa na bosi wake kama anaunga mkono, atajibu nini zaidi ya ndiyo? Kikaoni wote walikubali, ila kwenye majaribio karani wa masjala anaandika kila barua kwenye daftari kwanza, ndipo aiingize kwenye mfumo. Daftari lile limeniambia mengi.

Nafikiria niangalie pia bajeti ya mafunzo, na mradi uliopita ulifia wapi. Hili la pili ndilo zito, maana watu waliochoshwa na mageuzi husubiri tu nayo haya yapite.

Mliowahi kufanya tathmini kama hii, mlipataje majibu ya kweli kutoka kwa watumishi wa chini bila kuwaponza? Na mkikuta hawako tayari, mnamwambiaje mkurugenzi ambaye tarehe ya uzinduzi ameshaitangaza?