Barua yangu ilirudishwa kwa kukosa "Dkt.", lakini tarishi wetu huitwa kwa mluzi

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni katibu muhtasi, mwaka huu ni wa kumi na nne, na katika muda huo nimechapa barua nisizoweza kuzihesabu. Wiki iliyopita nilirudishiwa moja. Ilikuwa barua fupi ya kumwalika mkuu mpya wa idara yetu kwenye kikao cha watumishi wote, yenye kumbukumbu namba sahihi, tarehe sahihi na ajenda zilizoambatishwa, ila katika mstari wa anwani niliandika "Bw." mbele ya jina lake, kwa kuwa sikuwa na taarifa kwamba alikwisha kutunukiwa shahada ya uzamivu. Ile "Bw." ilizungushiwa wino mwekundu mara mbili, kwa nguvu iliyoacha alama hadi nyuma ya karatasi. Pembeni pakaandikwa "DKT." kwa herufi kubwa, na chini kabisa nikaagizwa niombe radhi kwa maandishi kabla ya saa za kazi kwisha.

Kuomba radhi hakukuniudhi. Mtu aliyehangaika kwa miaka na utafiti wake ana haki ya kuitwa kwa shahada aliyoipata, hasa katika barua ya kikazi, na katibu muhtasi anayekosea anwani amekosea kazi yake. Kilichoniwasha moyo ni kilichotokea nilipokuwa bado naichapa ile barua ya radhi. Mlango wa ndani ulifunguka nusu, mkuu wetu akatoa mkono ulioshika majalada matatu, akapiga mluzi mfupi, kisha akasema, "Wee! Peleka haya masjala." Aliyepigiwa mluzi ni tarishi wetu, mtu mwenye mvi kichwa kizima, ambaye alikuwa akipanda na kushuka ngazi za jengo lile kabla mimi sijaajiriwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi akisoma gazeti. Alilikunja, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaitia mfukoni bila haraka, akasimama, akasema, "Naam, Daktari." Yeye habari za shahada alikuwa nazo. Alimpa mkuu wake cheo chake chote, na yeye hakupewa hata jina.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu, na naomba wanaotaka kunijibu wajibu hilo, si jingine. Sisemi kwamba vyeo na majina ya heshima ni vibaya. Nasema kwamba watu walewale wanaoyadai kwa wino mwekundu yanapowahusu wao hawaoni kuwa wana deni lolote kwa mlinzi, mfagizi, dereva na tarishi. Heshima kwao ni kodi inayokusanywa kutoka chini kwenda juu, na haijawahi kurudi chini hata siku moja.

Najua kuna kundi litakalosema dawa ni kuvifuta vyeo vyote, kila mtu aitwe kwa jina lake la kwanza na mambo yaishe. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara imetoka kwa mtu ambaye hata akiitwa kwa jina tupu hakuna atakayemdharau. Waulizeni walionyimwa. Mwaka 1963, katika mji wa Gadsden, jimboni Alabama, Marekani, mwanamke mweusi aliyekuwa mwanaharakati wa haki za raia, Mary Hamilton, alisimama kizimbani, na mwendesha mashtaka akamwita "Mary". Mahakama za huko wakati huo zilikuwa zikiwaita mashahidi weupe kwa "Bwana", "Bibi" au "Binti" pamoja na majina yao ya ukoo, na weusi kwa majina ya kwanza kama watoto. Akasema hatajibu swali lolote mpaka aitwe Binti Hamilton. Jaji akamwamuru ajibu, akakataa, akahukumiwa siku 5 jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Kifungo alikitumikia, faini akagoma kuilipa, na shauri lake likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1964 ilitengua hukumu ile. Mtu alikwenda jela kwa ajili ya neno moja linalotangulia jina. Anayeniambia kwamba maneno haya ni mapambo tu anieleze kwa nini yule mwendesha mashtaka alikuwa mgumu kiasi kile kulitamka.

Tena sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Lugha yetu, katika matumizi yetu ya kila siku, haina kiwakilishi cha heshima cha kumwelekea mtu mmoja. Mfaransa anapokutana na mtu asiyemjua ana "vous", Mjerumani ana "Sie", na kwa neno hilo moja amekwisha kumstahi mwenzake hata kama hajui jina lake wala kazi yake. Sisi tuna "wewe", awe mtoto, awe hakimu. Mzigo wote wa adabu umeangukia mahali pengine, yaani kwenye jina la kumwitia mtu na kwenye umbo la kitenzi. Kati ya "lete" na "naomba uniletee" pana umbali ambao hakuna mzungumzaji asiyeusikia. Ukimwondolea mtu "Bwana", "Bi", "Mzee", "Mama" na "Ndugu", umembakizia "wewe" tupu, na ile "wewe" ukiikata ikawa "we", au ukiivuta ikawa "wee", umekwisha kumwambia anapokaa machoni pako, kabla hujamweleza hata unachotaka.

Wanaoshabikia kufuta kila kitu hupenda kutaja Sweden, na mfano huo ni mzuri ukielezwa wote. Waswidi walikuwa katika shida inayofanana na yetu. Kiwakilishi chao "ni", ambacho kingeweza kuwa cha heshima, wengi walikiona kama tusi, kwa hiyo adabu ilidai umtaje mtu kwa cheo chake kana kwamba hayupo mbele yako, na mtu akamwuliza mkurugenzi usoni kama mkurugenzi angependa kuketi. Asiyejua cheo cha aliye mbele yake alilazimika kuzungukazunguka kwa sentensi zisizo na mtenda. Mwaka 1967 Bror Rexed, alipokuwa akichukua uongozi wa bodi ya taifa ya afya, aliwatangazia watumishi wake kwamba atawaita wote "du", yaani "wewe" ya kawaida, na desturi hiyo, iliyokuwa imeanza kuenea, ikashika nchi nzima. Nawaomba mwangalie ni nani aliyeanza. Ni mkuu aliyewaambia walio chini yake kwamba nao wamwite hivyohivyo. Kama mkuu wetu angetoka nje akasema, "Kuanzia leo niiteni kwa jina langu, nami nitawaita kwa majina yenu," ningempigia makofi na nisingefungua uzi huu. Lakini neno litakaloteremka tu, lisipande, si mageuzi ya aina yoyote.

Nasi hatukukosa neno la namna hiyo. Katika Tanzania ya enzi za Ujamaa, "Ndugu" ilitangulia jina la kiongozi na jina la mkulima vilevile, na wa rika langu tunakumbuka jinsi ilivyosukumwa pembeni na "Mheshimiwa". Siku hizi ukimwita mkubwa "Ndugu" katika barua, uwe tayari kwa kalamu nyekundu.

Kwa upande mwingine, siwatetei wanaojitwisha vyeo kama nishani. Tumekaa katika hafla ambamo robo saa ya kwanza inakwisha kwa kutaja Mheshimiwa fulani, Profesa fulani, Daktari Mhandisi fulani, kila msemaji akirudia orodha ileile ambayo mwenzake amekwisha kuisoma, na anayethubutu kusema tu "itifaki imezingatiwa" anatazamwa kama mtovu wa adabu. Tamaa hii ni ya zamani na haina taifa. Mwaka 1789 Baraza la Seneti la Marekani lilitumia siku nyingi likijadili rais wao mpya aitweje, John Adams, makamu wa rais, akitaka jina lenye uzito, na kamati ikapendekeza aitwe Mtukufu, Rais wa Marekani na Mlinzi wa Uhuru wao. Baraza la Wawakilishi likakataa, na hadi leo rais wa nchi ile huitwa "Bwana Rais", yaani "Bwana" ileile ambayo mimi nimeiombea radhi kwa maandishi.

Naongeza moja linalonihusu mwenyewe. Katika kila kikao, wenzangu hutambulishwa kwa taaluma zao, huyu Mhandisi, yule Mhasibu, na zamu yangu ikifika nasikia "na huyu ni dada yetu hapa ofisini". Nina stashahada ya uhazili niliyoisomea, nina watoto watatu, na baadhi ya waliokuwa wakinitambulisha hivyo niliwachapia barua zao za kwanza za kuthibitishwa kazini. "Dada" ni neno zuri anapolitumia anayeniona dada. Likiwekwa mahali ambapo wengine wamewekewa taaluma, linanifuta. Wanawake wamepigania jambo hili kwingine pia. Ujerumani Magharibi iliacha kutumia "Fräulein", neno la kumwitia mwanamke asiyeolewa, katika ofisi za serikali mwaka 1972, na Ufaransa ikaiondoa "Mademoiselle", yenye maana hiyohiyo, katika fomu zake za kiserikali mwaka 2012, kwa sababu mwanamume aliitwa bwana bila kuulizwa kitu, ilhali mwanamke alipangwa kwanza kwa kuolewa au kutoolewa. Vivyo hivyo kwa mlinzi wetu wa getini, ambaye wajukuu wake wako shule ya msingi na bado anaitwa "kijana" na watu aliowazidi umri kwa miaka ishirini.

Watakaosema kwamba heshima hailazimishwi, na kwamba ya kulazimisha ni unafiki, nawauliza mbona mimi nililazimishwa. Nilipewa hadi saa ya mwisho. Hakuna aliyesema tungoje mpaka nimheshimu mkuu kutoka moyoni ndipo niandike "Dkt.". Ofisi haihitaji kuingia mioyoni mwetu, inahitaji kuangalia vinywa vyetu na maandishi yetu, na kama inaweza kufanya hivyo kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kiti cha kuzunguka, inaweza kufanya hivyo kwa ajili ya aliyeketi kwenye benchi la mbao nje ya mlango wake. Ninachodai hakina gharama. Kila mtumishi aitwe kwa jina lake pamoja na neno moja la heshima, mwenye shahada kwa shahada yake na asiye nayo kwa "Bwana" au "Bi", au la sivyo tuitane sote kwa majina matupu, mkuu akiwa wa kwanza. Na mluzi uachwe kabisa, maana hakuna maandishi ya kuomba radhi yanayotosha kwa mtu mzima aliyeitwa kwa mluzi mbele ya wenzake.

Nilimwuliza tarishi wetu siku ileile, tukiwa wawili, kama jambo lile halimwumi. Aliniambia, "Bi Katibu, mimi hujiambia anaita mtu mwingine, kisha naitika kwa sababu kazi ni yangu." Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike.

Kikao ni kesho asubuhi, na mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Katika orodha ya waliohudhuria, kwa miaka yote niliyokuwa pale, wakuu huandikwa kwa vyeo na majina matatu, na mstari wa mwisho husomeka "tarishi" na "mlinzi", bila majina. Nami nimeuchapa hivyo mwaka baada ya mwaka, na hilo ni kosa langu ambalo hakuna aliyelizungushia wino. Ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu za kesho nimekwisha kuuandaa. Mistari miwili ya mwisho ina "Bw.", jina la kila mmoja, la baba yake na la babu yake, na kazi yake baada ya koma. Ukirudishwa, nitauchapa tena vilevile.