Login inakula RAM mpaka seva inakufa: Redis, Postgres, JWT au niendelee kuristati tu?

fundi_saa_nane
Wakuu habari za saa hizi. Nina apu ya Node (Express, yaani JavaScript ya upande wa seva) ya chama kimoja cha kuweka na kukopa, wanachama kama 900, ipo kwenye VPS (seva ya kukodi) yenye RAM ya mega 512 na Postgres, yaani databesi, imekaa humo humo. Ile prosesi ya login ndo inanitesa, ikiwaka inakula mega 90 hivi alafu inapanda kila siku, haishuki hata usiku watu wamelala, siku ya sita au ya saba kernel (moyo wa Linux) inaipiga, ukiangalia dmesg (logi ya kernel) unakuta imeuliwa kwa sababu memori imeisha. Sa hivi nimeweka kroni (kazi ya kujiendesha kwa ratiba) inairistati saa nane usiku. Inasaidia, ila asubuhi simu ni hizo hizo, "mbona nimetolewa, password inakataa", wakati password haina neno, sesheni tu (kumbukumbu ya seva kwamba mtu kalogini) ndo imekufa, maana inakaa kwenye RAM ya prosesi.
Nataka kuhamisha sesheni nimalize hili jambo. Nipo njia panda: Redis (hifadhi ya haraka ya kwenye RAM), Postgres, JWT (tokeni iliyosainiwa anayobeba mteja), au ile pakiti ya memorystore. Nani kazitumia kwenye kazi ya kweli?

kijana_wa_redis
Redis mkuu, hapo hakuna cha kufikiria. Unaweka connect-redis (pakiti ya kuunganisha sesheni na Redis), kila sesheni inapewa muda wake wa kufa (usipoweka chochote ni siku moja), ukiristati apu hata mara kumi hakuna mtu anatolewa. Nusu saa umemaliza.

dada_terminal
Kabla hajahama ajue kwanza nini kinavuja, la sivyo anahamisha uchafu kutoka chumba hiki kwenda kile. Kaka, express-session (pakiti ya sesheni) umeiseti vipi? Na NODE_ENV (inayosema apu ipo kwenye majaribio au kazini) umeiweka production? Ukiweza washa na --inspect, fungua DevTools za Chrome, piga picha ya memori mara mbili kwa kupishana saa moja, uangalie nini kimeongezeka.

fundi_saa_nane
Dada nimefanya, nimeshtuka. Maelfu ya maneno yanayofanana, yote hivi:
{"cookie":{"originalMaxAge":null,"expires":null,"httpOnly":true,"path":"/"}}
Hamna jina la mtu wala namba ya mwanachama, hamna kitu, na yote yameshikwa na MemoryStore (hifadhi ya kawaida ya express-session, siyo ile pakiti). NODE_ENV sikuwahi kuiweka. Seti yangu ina secret (neno la siri la kusaini kuki) peke yake, niliinakili kwenye tutoriali moja zamani.

dada_terminal
Basi ndo hapo. Ukiacha seti tupu, saveUninitialized inakuwa true, maana yake kila anayegonga mlango bila kuki (kitambulisho ambacho seva inampa mteja) anafunguliwa sesheni mpya hata kama hajalogini. Na hiyo expires null inasema hiyo sesheni haifi milele. MemoryStore yenyewe watengenezaji wameandika wazi kwamba inavuja na haifai production, onyo linatokea apu ikiwaka, ila linatokea tu kama NODE_ENV ni production, kwaiyo wewe hukuliona. Sa jiulize nani anagonga bila kuki?

fundi_saa_nane
Lodi balansa (inayopokea maombi na kuyapeleka kwenye apu) inagonga /health kuangalia kama apu ipo hai kila sekunde 5, hiyo peke yake ni mara 17,280 kwa siku. Alafu kuna app ya simu, inaulizia matangazo kila sekunde 30 na haitunzi kuki, na mchana simu kama 100 zinakuwa hewani 🤦🏾 kwa masaa 12 hiyo ni 144,000. Yani mimi mwenyewe ndo najivamia.

bila_state
Ndo maana mimi nasema JWT. Seva haitunzi chochote, tokeni anayo mteja, memori haina cha kuvuja.

mzee_wa_logi
Kijana, hiki ni chama cha pesa. Mwanachama kapoteza simu daladalani, anakupigia anataka umfungie sasa hivi, tokeni yako ina masaa 24, utamwambia asubiri kesho? Utaanza kutunza orodha ya tokeni zilizofutwa, na hiyo orodha itabidi ikae mahali, basi umerudi pale pale kwenye databesi ila kwa mzunguko. JWT naipenda kati ya seva na seva, tokeni ya dakika tano. Kwa watu kulogini kwenye hela, hapana.

pwani_dev
Memorystore nimeitumia, siyo mbaya, kazi yake ni kupita kila baada ya muda kufagia zilizokwisha. Ile MemoryStore ya kawaida hata ukiweka maxAge (umri wa sesheni) haifagii, inafuta sesheni iliyokwisha pale tu mtu akirudi nayo, na aliyebadilisha simu harudi. Ila bado ni RAM ya prosesi moja. Mimi siku nimewasha PM2 (ya kuendesha prosesi za Node) kwa prosesi mbili watu wakawa wanalogini, wanabonyeza ukurasa wa pili, wanarudishwa kwenye login, maana kila prosesi ina sesheni zake. Nilihangaika siku nzima nikidhani ni kuki.

mzee_wa_logi
Na Redis kwenye mega 512 pamoja na Postgres sishauri. Isipowekewa maxmemory haina kikomo, mtakuwa na walaji watatu kwenye sahani moja. Ukiiwekea kikomo bila kugusa sera yake, ikijaa inakataa kuandika, basi watu wapya hawalogini.

kijana_wa_redis
Mzee kwa sesheni za watu 900 Redis itakula mega chache tu jamani 😂 ila sawa, kama Postgres ipo tayari sina ugomvi.

fundi_saa_nane
Mrejesho wakuu. Nimeenda na Postgres, kwa pakiti ya connect-pg-simple. Mara ya kwanza ililia kwamba jedwali la session halipo, nikaweka createTableIfMissing ikakaa sawa. saveUninitialized false, maxAge masaa 8, na njia za /health na matangazo nimezipandisha juu ya sesheni zisiiguse kabisa. Yenyewe inafagia zilizokwisha kila dakika 15. Leo siku ya 11, kroni nimeitoa, prosesi ipo mega 104 na jedwali lina mistari 312. Simu za asubuhi zimekata.
Kitu kimoja tu, naona Postgres inaandika sana kuliko nilivyotegemea.

dada_terminal
resave umeweka false? Ukiiacha, kila ombi linaandika sesheni upya hata kama haijabadilika.

fundi_saa_nane
...ngoja kwanza.