Mjadala: Likizo ya Desemba ya mwalimu wa visiwani ni yake, au ni ya watahiniwa?

Mwalimu wa Historia, kisiwa cha Pate

Wazazi na walimu wenzangu, naomba tulizungumze hili waziwazi. Katika mkutano wa wazazi huku kwetu Lamu liliulizwa swali ambalo kila mwaka hupita chini chini: mwalimu anayefunga shule akashika njia kwenda kutembea nchi za watu, je, amewatupa watoto? Wazazi kadhaa walisema ndiyo. Wanataka walimu wa kidato cha tatu tubaki Desemba nzima tufundishe, ili watoto waingie kidato cha nne silabasi ikiwa imekaribia kwisha.

Mimi sikubali. Kwanza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 37, imekataza tuisheni ya likizo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Anayeniomba nibaki nifundishe ananiomba nivunje sheria, hata kama ananiomba kwa mapenzi.

Halafu tazameni kalenda pamoja na bahari. Mwaka 2025 likizo ya Aprili ilikuwa majuma matatu, na ya Agosti vivyo hivyo. Aprili ni masika. Agosti kusi ingali inavuma, na huko nje ya miamba si mahali pa matembezi. Inabaki Desemba, na Desemba hiyo hiyo baadhi yetu tunaitwa kusahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Muhula ukiwa unaendelea hakuna nafasi: maazimio ya kazi, maandalio ya somo, zamu, michezo, madaftari hadi usiku.

Kila mwaka nafundisha habari za Kilwa, mji wa kale wa pwani ya Tanzania, na dhahabu iliyotoka bandari ya Sofala, Msumbiji, na sijawahi kukanyaga Kilwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale mwaka 1331. Mimi niliyezaliwa pwani hii hii, ninayezungumza lugha inayoeleweka hadi huko, nawasomea watoto kitabuni. Nimekusudia kupanda basi Mokowe, gati letu la upande wa bara, hadi Mombasa, nivuke mpaka Lunga Lunga, Tanga, Dar es Salaam, Kilwa Masoko, kisha nivuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani nikauone Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa. Nikijaliwa nitashuka mpaka kisiwa cha Msumbiji. Sioni kosa langu.

Mzazi, Faza

Mwalimu, salamu na heshima. Sheria hiyo naijua, lakini inamlinda zaidi mtoto wa mjini ambaye akifunga shule nyumbani ana vitabu, ana intaneti, ana mjomba aliyesoma. Mwanangu mimi nduguze ni wavuvi. Akikwama kwenye swali la hesabu tarehe 5 Desemba, atakwama nalo mpaka Januari. Bando tunanunua la kupigia simu na kutumiana pesa, si la kutazama masomo.

Tena ngoja nikwambie lililo moyoni. Kuondoka kwenu hakutuudhi kama kurudi kwenu. Shule inafunguliwa, watoto wamevaa sare, wamefika, walimu nusu hawapo. Huyu bado yuko kwenye basi, huyu anangoja boti Mokowe, huyu simu haipatikani. Juma la kwanza linakwisha kwa kufagia na kufyeka nyasi. Mtoto wa kisiwani tayari anashindana na wa mjini kwa mtihani ule ule, siku ile ile. Juma hilo halirudi. Usiniambie habari za Ibn Battuta kabla hujaniambia utakuwa darasani siku ya kufungua.

Mwalimu, Mokowe (kwetu ni Kakamega)

Naona ubaguzi hapa, niseme kweli. Mimi shule ikifungwa napanda basi siku ya pili na hakuna anayeniuliza, kwa sababu nakwenda kwetu. Mwalimu mwenyeji akitaka kwenda Kilwa anaonekana mzururaji, eti kwa kuwa nyumbani kwake ni hapa, basi yuko kazini siku zote. Mwenyeji naye huchoka.

Kuhusu kuchelewa, mzazi wa Faza amesema haki. Lakini asisahau tulikotoka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tulikuwa tukisafiri njia ya Garsen kwa msafara wa polisi, na safari ya siku moja iligeuka mbili. Sasa kuna lami. Kisingizio kimepungua.

Nahodha mstaafu, Shela

Mwanangu mwalimu, safari ni nzuri, lakini msikilize mtu mzima. Ukifika Mtwara rudi. Ng'ambo ya mto Ruvuma ni Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji, na kule watu wanauana tangu Oktoba 2017. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Wenyeji wenyewe walikimbia kwa mashua. Kisiwa cha Msumbiji kiko kusini zaidi, lakini kwa njia ya nchi kavu utapita huko huko. Usiende.

Na wale vijana wanaokushawishi ushuke kwa jahazi, waambie hivi: kaskazi itakushusha vizuri sana, ila kukurudisha haiwezi. Wazee wetu walishuka na kaskazi wakangoja kusi iwapandishe, na kusi haiji kabla ya Aprili. Shule inafunguliwa Januari. Panda basi.

Maalimu wa madrasa, Langoni

Wazazi wanasema kana kwamba likizo watoto hawana mwalimu. Likizo ndipo wanapotulia nasi asubuhi, Kur'ani na fiqhi, kwa sababu muhula wote wanatujia jioni wakisinzia. Mkiwarudisha skuli Desemba mtatunyang'anya wakati huo pia. Na watoto wapumzike.

Mama, Malindi

Mwalimu, mimi niko upande wako kwa sheria, lakini hoja ya kwamba utafundisha vizuri zaidi kwa kuwa umekwenda Kilwa, sijairidhia. Hao watoto wako wana magofu ya Shanga na ngome ya Siyu kisiwani kwao. Umewapeleka? Huku kwetu Gede kuna msikiti, kasri, makaburi na visima ndani ya msitu, na wako watoto wa Malindi wanaomaliza shule hawajaingia. Ukitaka kupumzika, sema unataka kupumzika, ni haki yako. Usiifanye safari yako kuwa deni la watoto.

Mwalimu wa Historia, kisiwa cha Pate

Bi mkubwa wa Malindi, hoja yako imenigusa. Shanga nitawapeleka muhula wa kwanza, kwa miguu na mashua; gharama yake si ya kutushinda. Lakini siyaachi maneno yangu juu ya Kilwa: mtoto akiona picha niliyopiga mwenyewe, akaona milango na mihrabu inayofanana na ya kwao, ananiuliza maswali ambayo kitabu hakijawahi kumfanya aulize.

Nahodha, nimekusikia. Nitaishia Mikindani, hapo karibu na Mtwara.

Mzazi wa Faza, kwa hili la kufungua shule uko sawa bila shaka yoyote. Mwalimu akichelewa pasipo ugonjwa wala msiba, nendeni kwa mwalimu mkuu mkamshtaki, nami nitasimama nanyi. Lakini siku za likizo zenyewe, hizo siziuzi.

Mzazi, Faza

Basi nenda salama, Mwalimu. Ila wewe ni wa Historia. Yule wa Hesabu naye kaondoka, na swali la mwanangu liko pale pale. Tuna vijana wetu wa chuo kikuu wanaorudi nyumbani Desemba. Tukiwaomba wakae na watoto barazani jioni, bila ada, bila sare, nje ya shule, je, hiyo nayo ni tuisheni iliyokatazwa? Mwenye kuijua sheria atujibu kabla shule hazijafungwa.