Baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu

Idi: Shikamooni wakubwa. Jumamosi nataka kupita ile njia ya msituni, ile inayopanda mpaka kileleni halafu inashukia mtoni. Safari hii nataka kwenda na baiskeli. Nani amewahi kupitisha baiskeli kwenye njia ya miguu?

Mjomba Rashidi: Marahaba mwanangu. Nimewahi, si hiyo lakini za aina hiyo. Pale inapoanzia kuna bango?

Idi: Lipo. Limechorwa mtu anatembea. Baiskeli haijatajwa kabisa.

Mjomba Rashidi: Basi waulize wanaoitunza njia kabla ya Jumamosi. Bango kunyamaza si ruhusa. Kila nchi ina taratibu zake. England na Wales, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kwenye njia za wapanda farasi, kwa sharti mwenye baiskeli ampishe mwenye farasi na anayetembea. Marekani, mapori yaliyotengwa chini ya sheria ya mwaka 1964 hayapiti baiskeli kabisa.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nasema kama mtembeaji. Baiskeli ikitokea nyuma yako penye kona huisikii mpaka imeshafika. Unaruka pembeni, na pembeni ni korongo. Babu yenu anatembea na mkongojo, yeye ataruka aende wapi?

Idi: Nitapiga kengele shangazi.

Shangazi Mwanaidi: Ipige ukiwa mbali, kisha punguza mwendo mpaka ulingane na wa miguu. Usiipige ukiwa umeshamfikia mtu, maana anayeshtuka anaweza kurukia upande uleule unaopita wewe. Salimia, subiri wajipange. Pakiwa pembamba shuka, simama, wapite wao.

Subira: Na watoto wadogo. Wao hawakai upande mmoja hata ukiwaambia.

Mjomba Rashidi: Kweli kabisa. Ukiona mtoto, teremka.

Idi: Sawa, nimeelewa hayo. Na njia yenyewe je? Kuna mizizi, mawe, na zile ngazi za magogo karibu na kilele.

Mjomba Rashidi: Hapo ndipo penye kazi, soma taratibu. Njia hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mguu, na mguu unavuka jiwe lililo juu bila shida. Gurudumu haliwezi. Kwa hiyo jua mapema kwamba sehemu kubwa utakokota. Baiskeli nyingi za milimani zina kilo 12 mpaka 15, na kwenye ngazi utazisikia zote. Ukipanda pakali: sukuma baiskeli mbele, kamata breki, piga hatua uifikie, achia breki, sukuma tena. Breki inaishikilia baiskeli wakati wewe unapanda. Bonde likiwa upande mmoja, wewe kaa upande wa mlima na baiskeli iwe upande wa bonde, ili ikiteleza uiachie iende yenyewe. Kiatu kiwe cha kutembelea, chenye meno.

Mjomba Rashidi: Kushuka: teremsha kiti, simama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, rudisha makalio nyuma. Tumia breki zote mbili kwa kubinya kidogokidogo. Ukiikaba ya mbele ghafla utarushwa juu ya usukani. Ukiikaba ya nyuma peke yake tairi linaburuzika na kuchimba mfereji, na mvua ijayo maji yatapita humohumo. Mizizi ivuke ukiwa umenyooka, usiikate kwa mshazari, hasa ikiwa na unyevu. Upepo wa tairi punguza kidogo lishike ardhi, ila usipunguze sana, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na utapata pancha.

Subira: Ijumaa ikinyesha?

Mjomba Rashidi: Aahirishe. Kwenye udongo mbichi tairi linaacha mstari mmoja mrefu, na maji hupenda mstari. Na asiukwepe mtope kwa kupita kwenye majani, ndivyo njia zinavyotanuka.

Shangazi Mwanaidi: Hilo la majani linaniuma sana. Kuna njia nilizozijua zikiwa za mtu mmoja mmoja, leo gari linapita. Na sisi watembeaji tumo kwenye lawama hiyo, tunakwepa matope vilevile.

Idi: Basi kesho nawapigia watunzaji. Wakikubali nitaondoka alfajiri kabla watu hawajajaa, na sehemu ya ngazi nakokota kupanda na kushuka. Wakikataa baiskeli inabaki nyumbani.

Shangazi Mwanaidi: Wakikataa nipitie, mimi natembea Jumamosi hiyohiyo.

Mjomba Rashidi: Vyovyote watakavyosema, lete baiskeli kwangu Ijumaa. Raba za breki ya nyuma zimelika, niliziona ulipokuja. Hushuki mlima wowote na hizo.

Idi: Nakuja jioni mjomba.