Naomba ushauri: kitabu cha watoto cha kuchekesha, nibadilishe majina au niyaache?

Mtu wa Kota
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nimeandika kitabu cha hadithi za watoto, cha kuchekesha, cha umri wa miaka 7 hadi 11. Kinahusu ndugu watatu waliokulia kota za reli Morogoro: dada mkubwa, kaka wa kati na kitinda mimba, pamoja na baba yao anayeamini kila tatizo la nyumbani linaisha ukiliwekea ratiba. Ratiba ya kuoga, ratiba ya kuosha masufuria, ratiba ya nani leo anakula ukoko. Watoto wote kitanda kimoja, wanalala mzungu wa nne. Yai la kuchemsha linakatwa kwa uzi na mama ndiye hakimu. Kuna sura dada anapelekwa kuishi kwa shangazi Dodoma akiwa darasa la tano. Wadogo zake mchana wanamlilia, usiku wanagombania nafasi yake kitandani.

Visa vimetoka nyumbani kwetu. Swali langu ni moja tu: nibadilishe majina ya wahusika au niyaache? Mchapaji anataka jibu wiki hii. Mimi naona nikiyabadilisha ladha inapotea. Natanguliza shukrani.

Chumvi Nyingi
Nimekaa paleee.

Mama Wanne
Umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa saba, na yai la uzi mwisho watu wanne, wa tano anapata harufu. Kaka yetu mkubwa alikuwa ndiye mshika uzi, na kila akikata kiini kinaangukia kwake. Mpaka leo ni mhasibu. Wangu hawa wanne hawajui shida, kila mtu na yai lake, na bado wanagombana nani kapewa sahani ya bluu. Sahani! Juzi nimezificha zote nikawapakulia kwenye sinia moja, wakagombania upande.

Mzee wa Busara
Vitabu vya watoto siku hizi ni kucheka wazazi tu. Zamani sungura alimdanganya fisi, mtoto akajifunza. Wewe unamfundisha mtoto kwamba baba ni kichekesho. Jitafakari.

Mwalimu Mstaafu
Mleta mada, hongera. Majina ni jambo dogo, nikuulize makubwa. Je, mswada umesomwa na mhariri wa Kiswahili? Umepata ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu? Hiyo inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, siyo mchapaji wako, hata akikuambia atakushughulikia. Hakimiliki kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kama ndoto yako ni kukiona shuleni kama kitabu cha ziada, lazima kipitie Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kipate ithibati, maana tangu EMAC, ile kamati ya kuidhinisha vitabu vya shule, ivunjwe mwaka 2013 kazi hiyo iko TET. TET haohao ndio wanaosimamia Tuzo ya Mwalimu Nyerere, na sasa ina kipengele cha hadithi za watoto, kwa hiyo usikimbilie kuchapa kabla hujasoma masharti yao. Sisi tuliofundisha miaka ya tisini tunaukumbuka Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Walikuwa wananunua nakala na kuzigawa shuleni, na mtoto wa kijijini akapata kitu cha kusoma zaidi ya kitabu cha kiada. Leo mwandishi anajichapia, anabeba maboksi kichwani.

Jambo moja la kiufundi: kama kinashonwa kwa pini katikati, hesabu ya kurasa igawanyike kwa nne. Kurasa 32 sawa, 30 utamlipa mchapaji karatasi tupu.

Pilipili Manga
Mkuu, mimi nina swali dogo. Ukiwa na mhusika anaitwa Juma hakuna atakayelalamika, wako laki ngapi. Haya majina unayoogopa kuyabadilisha ni majina gani?

Mtu wa Kota
Asante Mwalimu, ya COSOTA nimeyaandika pembeni. Mzee wa Busara, baba mwenyewe alikuwa anacheka ratiba zake.

Pilipili, ni majina ya utani ya nyumbani tu. Kitinda mimba anaitwa Kadogo, dada anaitwa Masika.

Pilipili Manga
Masika kwa nini? Alizaliwa mwezi wa nne?

Mtu wa Kota
Hapana. Ni mambo ya godoro.

Chumvi Nyingi
Nasogeza kiti.

Nesi wa Zamu
Naomba niseme kidogo kabla hamjaanza kucheka. Mtoto kukojoa kitandani mpaka miaka mitano ni kawaida kabisa, na wengine wanaendelea hata baada ya hapo. Siyo uvivu wala ukaidi. Mara nyingi linarithiwa: mzazi akiwa alipitia, mtoto naye ana uwezekano mkubwa. Fimbo haisaidii na kumvisha godoro kichwani azunguke nalo mtaani ndiyo kabisa. Apunguziwe vinywaji usiku, hasa chai na soda, na aende msalani kabla ya kulala. Akiwa alishaacha halafu ameanza upya ghafla, mpelekeni kituo cha afya.

Mtu wa Kota
Asante sana Nesi. Nje ya mada kidogo, nina kijana wangu yuko darasa la pili, bado anatusumbua. Chai niikate kabisa au nipunguze?

Nesi wa Zamu
Ya usiku ikate. Njoo PM.

Pilipili Manga
Turudi kwa Masika. Dada yako siku hizi anafanya kazi gani?

Mtu wa Kota
Anafundisha.

Pilipili Manga
Anafundisha wapi, na ni nani hapo shuleni?

Mtu wa Kota
Shule ya msingi. Ndiye mwalimu mkuu. Ila sioni uhusiano na swali langu.

Mama Wanne
Uwiii! Mwalimu Masika! Watoto wa shule wakilijua hilo jina, hata akistaafu litamfuata mpaka kwenye mirathi.

Dogo wa Mbagala
Kwetu kulikuwa na mwalimu anaitwa Bamia, hakuna aliyejua jina lake halisi. Siku ya msiba wake tulitangaziwa jina lake tukadhani tumekosea nyumba.

Pilipili Manga
Mtu wa Kota, la mwisho halafu nakuacha. Kuchapa siyo bure. Hela katoa nani?

Mtu wa Kota
Wakuu mbona imekuwa mahakama? Hela katoa dada. Kanikopesha kwenye mkopo wake wa benki ya walimu, kwa moyo mweupe. Hajasoma mswada kwa sababu anasema anataka kusoma kitu kikiwa kitabu, siyo makaratasi. Na ameniomba nije kuwasomea wanafunzi sura moja mwezi wa tisa kwenye mahafali ya darasa la saba, mbele ya wazazi. Mchapaji nimeshamlipa nusu. Jalada limeshachorwa, lina mtoto wa kike, godoro na wingu.

Lakini mnielewe. Masika ndiye shujaa wa kitabu. Ndiye anayetuokoa na mbwa wa stesheni master, ndiye anayegundua jinsi ya kuiibia ratiba ya baba dakika kumi. Godoro ni kichekesho cha pembeni tu. Nikimwondolea jina na godoro, kinabaki kitabu cha maadili. Na yeye mwenyewe ana utani sana.

Mzee wa Busara
Mkopo wa mtu unamchapia aibu yake. Dunia imekwisha.

Chumvi Nyingi
Katoa hela ya kununulia kamba ya kumfunga mwenyewe. Nacheka niko kwenye daladala watu wananiangalia.

Binti wa Maktaba
Nimesoma kimya kimya toka juu, naomba nijibu swali lililoulizwa. Nawasomea watoto maktaba siku za Jumamosi, umri huohuo ulioutaja. Nikuambie wanachokicheka. Wanacheka sana sheria ya mkubwa inapomgeuka mwenyewe. Hiyo ratiba ya baba ni dhahabu. Baba akichelewa zamu yake ya kuoga kwa ratiba aliyoandika mwenyewe, utasikia kelele mpaka barabarani. Wanacheka msimulizi anayejiona mjanja wakati wao wameshaona mtego kurasa mbili nyuma. Wanacheka kitinda mimba anayesema ukweli mbele ya mgeni. Na ugomvi wa ndugu hawauchoki hata kidogo, mradi kila mtu apate zamu ya kushinda na zamu ya kushindwa.

Godoro je? Wanacheka, ndiyo. Ila kila nikisoma kisa cha namna hiyo, kuna mmoja au wawili hawacheki, wanaangalia miguu yao. Ukiwa mbele yao unawaona. Kama anayesimulia ndiye mwenye godoro, haohao wawili ndio wanaocheka kuliko wote, na Jumamosi inayofuata wanakuja mapema. Kwa hiyo sikuambii uondoe godoro. Fikiria kulihamisha kwa msimulizi. Kaka wa kati alale upande wa Masika.

Mtu wa Kota
Dada nimekuelewa ila siwezi. Ingekuwa ni kubadilisha ukweli. Kitabu changu hakina hata sentensi moja ya kubuni.

Bwana Tochi
Samahani wakuu, mnanywa chai hii bila kuuliza imechemshwa na nani? Mtu kajiunga humu juzi, posti zake zote ni kwenye uzi huu. Anaandika kitabu, dada mwalimu mkuu, mkopo, mahafali, jalada lina wingu. Kila mkiuliza anatoa tone moja. Huyu ni mtunzi wa hadithi anatupima tucheke wapi. Kesho utaona namba ya malipo na "kitabu kinapatikana".

Dogo wa Mbagala
Chai ya maziwa kabisa, tena yenye hiliki.

Mama Wanne
Kama ni chai mimi nimeshakunywa vikombe vitatu, leteni maandazi.

Mzee wa Busara
Niliwaambia.

Mtu wa Kota
Bwana Tochi una roho mbaya. Mtu anaomba msaada unamwita tapeli. Haya, nakuwekea kipande cha sura ya mwisho kama kilivyo kwa mchapaji, ujionee kama ni chai:

*Siku ya Krismasi mgeni wa baba alifika godoro halijakauka. Lilikuwa limeegemezwa ukutani upande wa jua, na katikati yake palikuwa na ramani kubwa.*

*"Hii ni Afrika," mgeni alisema.*

*"Hapana," Kadogo alijibu. "Afrika ilikuwa jana. Leo ni Madagaska tu."*

*Baba alikohoa. Alisema godoro lilimwagikiwa soda. Nilishangaa, maana soda zilikuwa mbili, zimefungwa, na baba alikuwa amezihesabu mbele yetu kwa mujibu wa ratiba.*

*"Kumbe soda zipo," mgeni alisema, akavuta kiti.*

*Baba akamfungulia moja. Tukabaki na soda moja watu wanne. Kadogo akaninong'oneza, "Unaona? Masika hata akiwa hayupo anatukosesha soda."*

*Jioni baba alitusomea barua ya Masika kutoka Dodoma. Alisema kwa shangazi analala peke yake kitanda kizima, na godoro lake jipya hata nailoni ya dukani hajalitoa, kwa sababu linampendeza hivyohivyo.*

Mama Wanne
Leo ni Madagaska tu! Huyu Kadogo nampenda. Mkuu chapa, mimi nanunua.

Binti wa Maktaba
Hiki ni kizuri. Nasema kweli. Hapo kwa soda utangoja dakika nzima watoto watulie.

Bwana Tochi
Kizuri ndiyo, ila ndiyo kimemkamata. Someni tena. Masika yuko Dodoma tangu darasa la tano, kasema mwenyewe posti ya kwanza. Krismasi inafika yuko hukohuko, ndiyo maana barua inasomwa. Sasa godoro la Morogoro limelowana na nani? Afrika jana, Madagaska leo. Mtunzi kasahau mhusika kamwondoa. Chai imekatika, kesi imefungwa.

Dogo wa Mbagala
Duh. Tochi umeiwasha kweli.

Pilipili Manga
Tochi, subiri kwanza usifunge. Wewe unasema ni ya kubuni kwa sababu godoro limelowana na Masika hayupo. Mimi naona mtu anayebuni angeliona hilo tundu akaliziba. Anayeandika kilichotokea ndiye halioni, kwa sababu aliishi na jibu lake.

Kitandani wamebaki wawili. Kadogo anamtajia mgeni ramani mbele ya watu bila woga, mwenye godoro lake hathubutu. Msimulizi anapangusia kwa dada aliye mbali. Na Nesi kasema hapo juu linarithiwa. Mtu wa Kota, kijana wako wa darasa la pili kamrithi nani?

Chumvi Nyingi
Nimeshuka kwenye daladala, siwezi tena.

Nesi wa Zamu
Kwa haki, anaweza kurithi kupitia ukoo, hata shangazi. Ila swali ni zuri.

Mama Wanne
Miaka yote hiyo mtoto wa watu anaitwa Masika! Mpaka akapelekwa Dodoma!

Mtu wa Kota
Jamani, hadithi ni hadithi, siyo ripoti ya polisi. Mwandishi ana uhuru wa kubuni.

Bwana Tochi
Hakina hata sentensi moja ya kubuni, alisema nani?

Pilipili Manga
Mkuu hakuna anayekucheka. Tena una bahati, ushauri wa Binti wa Maktaba uliukataa ukasema "siwezi" kwa sababu ni kubadilisha ukweli. Sasa hakuna unachobadilisha. Dada yako anajua?

Mtu wa Kota
Mwalimu Mstaafu, ile ISBN ukipeleka maombi inachukua muda gani kutoka? Na jalada likiwa tayari, nikitaka mchoraji aongeze mtoto mmoja wa kiume pembeni ya godoro ni lazima nilipie upya?

Mwalimu Mstaafu
Ya jalada zungumza na mchoraji wako, mabadiliko madogo wengi hawatozi. Ya ISBN uliza Maktaba Kuu kabla hujalipa nusu iliyobaki. Na Pilipili kakuuliza kitu, nami nasubiri.