Kengele za Balangiga, mbao za Boljoon: urithi ukirudi, ni wa kijiji au wa taifa?

MTOA MADA
Wakuu, kila siku tunabishana kama wakoloni warudishe walichobeba. Mimi naona hilo limeshaeleweka. Swali gumu ni hili: kikisharudi, nani akipokee? Naleta kesi ya Ufilipino, maana kule wameshagombania hilo waziwazi.

Septemba 28, 1901, Balangiga, kisiwani Samar. Askari wa Marekani waliokuwa wamepiga kambi mjini walikuwa wamewakusanya wanaume, wakawarundika kwenye mahema na kuwafanyisha kazi kwa nguvu, huku chakula kikiharibiwa kisiwafikie Wafilipino waliokuwa wakipigana nao msituni. Asubuhi askari wakiwa kwenye kifungua kinywa, mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, akampora mlinzi bunduki. Kengele ya kanisa ikalia, wananchi wakatoka na mapanga. Wamarekani 48 walikufa. Jenerali Jacob Smith akaamuru Samar igeuzwe nyika tupu na auawe kila anayeweza kushika silaha, kuanzia umri wa miaka kumi. Mwaka 1902 mahakama ya kijeshi ikamkaripia, akastaafishwa. Basi, adhabu ikaishia hapo.

Kengele tatu za kanisa zilichukuliwa na Wamarekani kama nyara. Mbili zikaishia kwenye kambi ya jeshi Cheyenne, Wyoming. Ya tatu ilibaki na kikosi kilichoshambuliwa, mwisho ikawa Korea Kusini. Rais Ramos wa Ufilipino aliziomba miaka ya 1990, tena akawa tayari kugawana, lakini wanasiasa wa Wyoming na maveterani wakakataa: kwao zilikuwa kumbukumbu ya wenzao waliouawa. Rais aliyefuata baadaye, Duterte, akazidai hadharani mwaka 2017. Desemba 11, 2018 zikatua Manila, na siku nne baadaye zikakabidhiwa Balangiga.

Hata furaha haijapoa, seneta Zubiri akapendekeza moja iwekwe Makumbusho ya Taifa, Manila. Jimbo Katoliki la Borongan, ambalo parokia ya Balangiga iko chini yake, likapinga. Halafu 2024 likazuka jingine: Makumbusho hayohayo yalitangaza kwa shangwe kwamba yamepewa zawadi ya mbao nne za kuchonga za mimbari ya kanisa la Boljoon, Cebu, zilizotoweka miaka ya 1980. Waliozitoa walikuwa wakusanyaji binafsi. Jimbo Kuu la Cebu likasema ziliondolewa kanisani bila idhini, zirudi. Baada ya mvutano, Makumbusho yalikubali kuzirudisha.

Msimamo wangu: virudi vilikotoka. Askari hawakuiteka kengele ya "taifa". Waliichukua ya watu wa Balangiga, waliolipa kwa nyumba zao kuchomwa.

JIBU
Mtoa mada, naomba kutofautiana nawe. Hisia zimekutawala. Samar Mashariki, mkoa wa Balangiga, ndiko kimbunga Yolanda kilikoingilia nchi kavu Novemba 2013. Mwezi uliotangulia, tetemeko la 7.2 liliangusha makanisa ya kisiwa cha Bohol yaliyojengwa enzi za Wahispania, Loboc likiwemo. Huko ndiko unataka kuweka kitu ambacho hakina cha pili? Makumbusho yana wataalamu, yana walinzi, na mtoto wa shule kutoka Mindanao, kusini mwa nchi, anaingia bure akaona. Kengele iliyo kwenye mnara wa parokia anaiona nani?

JIBU
Mkuu, hoja ya usalama ina matundu. Manila ipi hiyo salama? Februari 1945 mapigano ya Wajapani na Wamarekani yaliisambaratisha Intramuros, mji wa kale wa Wahispania. Kati ya makanisa saba ya ndani ya kuta, lililosalia ni San Agustin tu. Mei 2023 jengo la Posta Kuu liliteketea kwa moto. Vimbunga navyo vinapiga kote.
Halafu hili la Manila kuvuta kila kitu kwake, Wavisaya, watu wa visiwa vya kati kama Samar na Cebu, wanalilalamikia miaka nenda rudi. Ni kidonda cha siku nyingi, na seneta alikigusa bila kufikiri.

JIBU
Naandika kutoka Kilifi. Vigango vyetu Wamijikenda, nguzo za mbao za kuchonga za kuwakumbuka marehemu, viliibwa makaburini, vikauzwa kwa watalii na kuishia makumbusho ya Marekani. Mwaka 2023 jimbo la Illinois lilirudisha 37, vikapokelewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Namuunga mkono mtoa mada, ila kuna ugumu: kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa ukoo fulani, na kwa hivi vyetu vilivyorudi mara nyingi ukoo wenyewe haujulikani tena. Balangiga wana bahati, kanisa lao lipo na wanajua kengele inaning'inia wapi.

JIBU
Mimi ndiye niliyepinga juu. Sawa, kengele nawaachia, ni chombo cha kupigwa na zinatumika. Lakini Boljoon hamjanijibu. Zile mbao zilitoka kanisani wakati kanisa lenyewe ndilo mlinzi. Hazikutekwa vitani na mtu yeyote. Aliyeshindwa kulinda mara ya kwanza anarudishiwa kwa masharti gani? Ufilipino ina sheria ya urithi, namba 10066, inayotaka mali za aina hii ziorodheshwe. Orodha bila macho haizuii mwizi.

MTOA MADA
Hapo umenibana, nakiri hoja ina uzito. Ila tazama upande wa pili: kama uzembe wa parokia unaihamishia taifa umiliki, basi mkusanyaji akikaa na mali ya wizi miaka thelathini kisha akaipeleka makumbusho, imekwisha safishwa, na yeye anapigiwa makofi. Masharti yawepo: picha za kila kipande, ukaguzi wa kila mwaka, paroko mpya asaini anachokabidhiwa na paroko anayeondoka. Fundi wa makumbusho aende Boljoon kuzihudumia mbao zikiwa kwenye mimbari yake. Nani ana hoja kwa nini hilo lisiwezekane? Gharama ni zilezile za kujenga kabati la kioo Manila.